Kuitembelea Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kuwaona Wanyama wa Msituni

Wageni wengi hufika Udzungwa wakiwa na mazoea ya hifadhi za nyika, ambako gari huenda polepole na simba akaonekana kupitia dirishani. Hupanda mbio hadi maporomoko ya Sanje, hupiga picha, huteremka, kisha huondoka jioni ile ile wakisema kwamba msitu unapendeza ila hauna wanyama. Kauli hiyo haina ukweli. Udzungwa ina wanyama ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, lakini ni hifadhi ambayo mnyama husikika kwanza ndipo aonekane, na mgeni mwenye haraka au makelele hujinyima vyote viwili. Kwa sababu hiyo, kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia mwezi wa kwenda hadi viatu utakavyovaa, ulenge kukupatia muda wa kutosha na utulivu wa kutosha ndani ya msitu.

Ifahamu hifadhi kabla ya kufunga mizigo

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina eneo la kilometa za mraba 1,990, na imetandaa katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara na Uluguru, na kukomea Udzungwa upande wa kusini. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi umeinyeshea mvua milima hii kwa mamilioni ya miaka, hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa imekauka. Misitu yake ikabaki imetengana, ikizungukwa na nyika, na viumbe vilivyobaki humo vikabadilika kwa njia zao vyenyewe.

Jambo linaloipa Udzungwa hadhi ya pekee miongoni mwa milima hiyo ni kwamba upande wake wa mashariki msitu haujakatika: unaanzia tambarare ya Kilombero, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda mfululizo hadi zaidi ya mita 2,000. Kilele cha juu kabisa, Luhombero, kinafika mita 2,576. Kwingineko msitu wa bondeni ulifyekwa zamani kwa ajili ya mashamba, na kilichobaki ni ule wa juu tu. Hapa mtu anaweza kuanza kutembea asubuhi kwenye joto la bondeni, chini ya mivule na mikuyu, akalala usiku kwenye baridi na ukungu bila kutoka nje ya msitu.

Yafaa pia ujue jinsi msitu huu ulivyochelewa kufahamika kwa wanasayansi. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa katika msitu wa Mwanihana walisikia mlio wa tumbili wasiyemtambua, ilhali wenyeji walimjua siku zote na kumwita ng'olaga. Mwaka 1991 kwale wa Udzungwa alitambuliwa baada ya watafiti kuona miguu ya ndege isiyo ya kawaida ndani ya chungu cha mboga kambini, na ikadhihirika kwamba jamaa zake wa karibu wanaishi Asia. Mwaka 2008 ulitangazwa ugunduzi wa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye kwa uzito wake wa gramu 700 hivi ni mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Nayataja haya mapema kwa sababu yanabadilisha namna ya kutembea: mtu akijua kwamba chini ya majani makavu anayoyakanyaga kuna viumbe vilivyoishi karibu na watu kwa karne nyingi bila kuandikwa popote, huacha kutazama juu tu.

Hatua ya kwanza: Chagua majira

Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho kipindi rahisi kuliko vyote. Njia zimekauka, mawe ya mitoni hayatelezi sana, na mabasi yanafika kwa wakati. Anayekuja kwa mara ya kwanza, au anayekuja na watoto au wazee, aje miezi hiyo. Masika, yaani Machi hadi Mei, miteremko huwa utelezi mtupu, mito hufurika, na safari ndefu za mlimani hazishauriwi.

Mpenzi wa ndege ana hesabu tofauti. Kuanzia Septemba hadi mwanzo wa vuli ndege wengi wa msituni huwa katika majira ya kuzaana, nao huimba kuliko wakati mwingine wowote, na ndani ya msitu mnene ndege asiyeimba ni vigumu sana kumpata. Maporomoko ya maji nayo yana utaratibu wake: yanakuwa na nguvu baada ya mvua na kupungua kadiri kiangazi kinavyosonga. Kama ningelazimika kuchagua mwezi mmoja kwa mtu anayetaka kidogo cha kila kitu, ningetaja Juni, ambapo mvua zimekwisha, maji bado ni mengi na hewa ni ya baridi kidogo.

Hatua ya pili: Panga siku, kisha panga njia

Kosa kubwa ni kuipa Udzungwa nusu siku. Kiwango cha chini ninachokishauri ni kulala usiku mara mbili Mang'ula, mji mdogo ulio kando ya hifadhi, ili upate asubuhi mbili kamili za kuanza matembezi kunapopambazuka. Mbega hula zaidi asubuhi, hupumzika mchana jua linapokuwa kali, na kuanza tena kula jioni. Anayewasili saa 5 asubuhi akitokea Mikumi huingia msituni katika saa zile zile ambazo mbega wamejilaza kimya kwenye matawi ya juu.

Njia inayopendwa zaidi ni ile ya maporomoko ya Sanje, ambayo huanzia kituo cha Sanje, kaskazini mwa makao makuu ya hifadhi yaliyopo Mang'ula. Huchukua takriban saa 4 kwenda na kurudi, na mwenye kutaka kuogelea na kutazama wanyama aihesabie nusu siku nzima. Maji ya Sanje huanguka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu. Njia hupanda kwa mwinuko mkali, na watu wengi hupata shida katika saa ya kwanza kwa sababu wanaanza kwa kasi. Mwachie mwongozaji apange mwendo. Ukifika juu utasimama kwenye ukingo ambapo mto unatoweka chini ya miguu yako, na mbele yako litafunguka bonde zima la Kilombero: mashamba ya miwa ya Kidatu yaliyopangika, reli ya TAZARA, mashamba ya mpunga, na mbali kabisa upeo wa mbuga upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Juu ya poromoko hilo kuu kuna bwawa linalofaa kuogelea, na maji yake ni baridi.

Kwa mwenye saa chache tu au magoti yasiyo imara, ipo njia fupi ya Prince Bernhard karibu na makao makuu, iliyopewa jina la Mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, na aliyeizindua hifadhi hii mwaka 1992. Inaishia kwenye poromoko dogo, na ingawa ni fupi isidharauliwe, kwani mbega na kima huonekana mara kwa mara kando ya makao makuu yenyewe. Njia ya Sonjo ni ya saa 2 au 3 hivi, na haina watu wengi.

Kisha kuna safari za kulala mlimani. Ile ya kilele cha Mwanihana ni ya kilometa 38 na huchukua siku 3 na kulala mara mbili. Ile ya Lumemo ni ya kilometa 65 na huchukua siku 5. Hizi ni safari za watu wenye afya nzuri waliozoea kutembea na mizigo, na nitazirudia baadaye, kwa maana maandalizi yake ni tofauti.

Hatua ya tatu: Kufika

Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa zipatazo 350 kwa barabara. Unapita Morogoro, unaikata Hifadhi ya Mikumi kwa barabara kuu, na ukifika mji mdogo wa Mikumi unaiacha barabara ya Iringa na kuingia kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Kutoka njiapanda hiyo hadi Mang'ula ni kilometa zipatazo 60. Utauvuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, na kuanzia hapo mlima unakuwa upande wako wa kulia muda wote, mara nyingi kilele kikiwa kimefunikwa na mawingu.

Asiye na gari ana njia mbili nzuri. Anaweza kupanda basi la Ifakara moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na kumwambia kondakta amshushe Mang'ula, au akapanda treni ya SGR, iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kisha akaenda stendi ya Msamvu kutafuta basi la Ifakara. Njia hii ya pili inakuepusha na foleni za kutokea Dar es Salaam. Treni ya TAZARA nayo hupita Mang'ula, lakini ratiba yake ihakikishwe kwanza. Ukishuka barabarani, bodaboda watakufikisha getini au kwenye nyumba ya wageni. Patana bei kabla hujapanda.

Ukiendesha gari mwenyewe, zingatia kwamba ndani ya Mikumi mwendo umewekewa kikomo, na faini ya kumgonga mnyama ni kubwa. Zaidi ya faini, fikiria kwamba twiga anayevuka usiku hana namna ya kuukadiria mwendo wa gari lako. Vuka Mikumi mchana.

Hatua ya nne: Vibali, malipo na mwongozaji

Hifadhi inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kikilinganishwa na cha wageni wa nje, hivyo usisahau kitambulisho cha taifa au hati ya kusafiria, kwani bila uthibitisho wa uraia utatozwa kama mgeni. Viwango hubadilika, viulize TANAPA kabla ya safari, na uliza kama bei unayotajiwa imejumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, maana mara nyingi huongezwa juu yake. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki, simu au kadi, na pesa taslimu hazipokelewi getini. Ni busara kuwa na salio la kutosha kwenye simu kabla hujafika Mang'ula.

Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24. Mtu akiingia saa 1 asubuhi leo na kutoka kesho kabla ya saa hiyo amelipia siku moja, kwa hiyo ukipiga kambi ndani panga matembezi yako kwa kuiangalia saa hiyo.

Mwongozaji hulipiwa kando, na kwa safari za mbali huongezwa askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ya tembo na nyati. Wapo watu wanaoliona jambo hili kuwa gharama ya ziada isiyo na maana. Mimi naliona kuwa ndilo matumizi yenye faida kuliko yote katika safari nzima. Waongozaji wengi ni watu waliozaliwa katika vijiji vya Mang'ula, Sanje na Mkula, na baadhi yao wamefanya kazi kwa miaka na watafiti wa Kituo cha Ufuatiliaji wa Ikolojia cha Udzungwa, kilichojengwa hapo Mang'ula kwa ushirikiano wa TANAPA na jumba la makumbusho ya sayansi la Trento, Italia. Mwombe mapema ofisini mtu anayewajua nyani na ndege, useme wazi kwamba hukuja kukimbilia poromoko. Sentensi hiyo moja hubadilisha matembezi yote, maana mwongozaji aliyezoea wageni wenye haraka atakwenda haraka mpaka aambiwe vinginevyo.

Hatua ya tano: Malazi, afya na vifaa

Ndani ya hifadhi, karibu na makao makuu, yapo maeneo ya kambi yaliyo msituni kabisa, na nje ya geti kuna kambi za kitalii na nyumba za wageni za bei nafuu. Mwenye hema alale kambini. Usiku utasikia perere, yule pimbi wa mitini, akipiga kelele zinazoanza kama mlango unaokwaruza na kupanda hadi kuwa yowe, na alfajiri utaamshwa na hondohondo. Chakula si tatizo Mang'ula: mchele wa Kilombero unajulikana nchi nzima, ndizi ni nyingi, na samaki wa mto hupatikana sokoni.

Bondeni kuna joto na mbu, na malaria ipo. Tumia kinga uliyoshauriwa na daktari, lala ndani ya chandarua, na vaa mikono mirefu jioni. Maji ya mtoni yachemshwe au yawekewe dawa hata kama yanaonekana safi.

Viatu ndivyo kifaa muhimu kuliko vyote. Viwe na soli yenye meno na vishike kifundo cha mguu. Raba laini za mjini hazifai kwenye mawe yaliyolowa. Suruali iwe ndefu na iingizwe ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu na kupe, na kwa ajili ya upupu unaoota kwenye kingo za msitu na ambao vinyweleo vyake huwasha vikali mno vinapokauka. Rangi za nguo ziwe za majani, udongo au kijivu. Beba koti jepesi la mvua hata wakati wa kiangazi, maji yasiyopungua lita mbili, tochi na chakula kidogo kisicho na harufu kali. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia ya kitambaa.

Darubini ni kitu ambacho Watanzania wengi hatukibebi tunapotembelea hifadhi zetu, na Udzungwa inatuadhibu kwa hilo. Mbega aliye mita 35 juu ya mti ni doa jekundu kwa macho matupu, bali kwa darubini utaona uso mweusi, nywele nyekundu za utosini, na mkono usio na kidole gumba ukivuta tawi changa mdomoni. Kama huna, uliza kambini unakolala kama wanayo ya kuazimisha.

Hatua ya sita: Namna ya kutembea na kusikiliza

Anza matembezi mapema iwezekanavyo baada ya saa 12 asubuhi. Zima mlio wa simu. Kundi lisizidi watu wanne au watano kwa mwongozaji mmoja. Mkiwa wengi zaidi, gawanyikeni. Tembea dakika kumi, kisha simama dakika mbili au tatu bila kusema neno. Mtu anayetembea hasikii kitu isipokuwa hatua zake mwenyewe, na ni katika kusimama huko ambapo msitu unaanza kutoa habari zake.

Kishindo kama cha tawi zito lililoanguka, kikifuatiwa na kingine na kingine, ni mbega wakiruka kutoka mti hadi mti. Mbega wekundu wa Udzungwa, wanaoishi katika milima hii na misitu iliyo jirani tu, hutembea kwa makundi makubwa na mara nyingi huchanganyika na mbega weusi wenye mabega meupe pamoja na kima. Ukiwapata, usiwafuate. Kaa chini pembeni ya njia. Mbega hula majani, na tumbo lao lenye vyumba kadhaa huyachachua taratibu, kwa hiyo wakishashiba hubaki mahali pamoja kwa muda mrefu. Mgeni aliyekaa kimya nusu saa ataona mama wakinyonyesha, vijana wakichezeana, na dume mkubwa akiwa amelaza kifua kwenye tawi huku miguu yote minne ikining'inia.

Sauti ya kuchakura majani makavu chini ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo upunguze hata pumzi. Huenda ni sange, ambaye hukimbia ghafla kwa mstari mnyoofu na kutoweka. Huenda ni kwale au kanga wa msituni. Ikiwa uchakuraji umeenea eneo pana, upande wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, basi kuna uwezekano kwamba ni ng'olaga. Tumbili huyu wa rangi ya kijivu, mwenye tumbo la manjano iliyopauka, hutumia muda mwingi ardhini akigeuza majani kwa mikono yote miwili, akiokota mbegu, uyoga na wadudu, kisha akizisaga mbegu ngumu kwa meno kwa sauti inayosikika hatua kadhaa. Katika dunia yote yumo katika misitu miwili tu ya Udzungwa: Mwanihana, ambao umo ndani ya hifadhi, na ule wa mteremko mkali wa kusini uliohifadhiwa kama hifadhi ya mazingira asilia. Katika eneo la Mang'ula lipo kundi lililozoeshwa kwa watu na watafiti kwa muda mrefu, na unaweza kuomba kupelekwa kulitazama. Uliza siku moja kabla, ili wanaolifuatilia wajue limelala wapi.

Usitarajie kila kitu. Kipunji, tumbili aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 2005, anaishi Rungwe na Kitulo, na huku Udzungwa yumo katika msitu wa Ndundulu ambao hauko kwenye njia za wageni. Minde, swala mweusi wa msituni anayepatikana Tanzania pekee, ni msiri kiasi kwamba wengi wanaomtafuta huishia kuona nyayo na samadi yake. Chui yupo, lakini atakuona wewe. Kwa upande wa ndege, shorobo mwenye mbawa nyekundu, hondohondo na chozi wa aina nyingi huonekana bila shida kubwa, ila chozi mwenye mbawa za kahawia-nyekundu, aliyegunduliwa hapa mwaka 1981, huhitaji mwongozaji mahiri na subira.

Hatua ya saba: Adabu na usalama

Nyani, mbega na ng'olaga huambukizwa magonjwa ya binadamu. Mwenye mafua au kikohozi asiende kuwaona, hata kama amelipia. Kaa umbali wa mita kumi au zaidi, na kama mnyama anakusogelea wewe, rudi nyuma polepole. Usimpe chakula mnyama yeyote. Nyani aliyezoea kupewa ndizi kambini huanza kupora, kisha huingia mashambani, na mwisho wake huuawa. Aliyempa ndizi ya kwanza kwa huruma ndiye aliyeanzisha mlolongo huo. Picha zipigwe bila mwako wa taa. Sauti za ndege zilizorekodiwa zisichezwe ili kuwaita, hasa katika majira ya kuzaana.

Tembo wa Udzungwa hawaonekani kirahisi, lakini njia nyingi unazotumia ni zao pia. Kinyesi chenye unyevu, matawi yaliyovunjwa karibuni na harufu nzito ni dalili za kumfanya mwongozaji asimame, na akisimama, simama. Akiashiria kurudi, rudi bila kuuliza na bila kukimbia. Maswali yana nafasi yake baadaye. Kuhusu nyoka, hatari kubwa ni kifutu, ambaye hulala tuli juu ya majani yanayofanana naye: tazama unapokanyaga, usiruke gogo bila kuona upande wa pili, na usishike jiwe au mzizi usiouona vizuri.

Maandalizi ya safari ya kulala mlimani

Kwa Mwanihana au Lumemo, wasiliana na ofisi ya hifadhi wiki kadhaa kabla, kwani njia za mbali huhitaji kufyekwa na askari kupangwa. Wapagazi hupatikana Mang'ula, na uzito wa mzigo wa kila mmoja ukubaliwe mbele ya mwongozaji. Joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Aliyetokwa na jasho bondeni atahitaji sweta na begi la kulalia juu. Chukua jiko la gesi. Kuni za msituni si za wageni, na hapa pana jambo linalostahili kujulikana: hadi mwaka 2011 wanavijiji wa jirani waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizoanguka, kisha ruhusa hiyo ikaondolewa ili kuunusuru msitu. Mama aliyeachishwa kuokota kuni anastahili angalau asimwone mgeni akiziwasha kwa starehe.

Heshima hiyo hiyo ionekane katika matumizi yako kijijini. Lala na kula Mang'ula, ajiri wapagazi wa hapo, na umpe mwongozaji bakshishi mkononi mwake mwenyewe. Wakulima walio mpakani mwa hifadhi hupoteza mpunga, mahindi na migomba kwa tembo wanaotoka usiku, na baadhi yao wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. Asali ya mizinga hiyo huuzwa. Uliza mahali pa kuinunua kabla hujapanda basi. Mabasi ya kwenda Morogoro na Dar es Salaam hutokea Ifakara, na mengi hupita Mang'ula asubuhi, kwa hiyo tiketi ikatwe jana yake na uwe barabarani mapema, ukiwa na chenji ya bodaboda.